Jiwe usilipake mafuta ya nazi

Juzi tena. Mzee kavuka na boti kutoka Pemba, jiwe ndani ya mkoba wa ukili, kalisugua kwa mafuta ya nazi mpaka linameremeta. "Mwanangu, lipige mwanga tu, litasema lenyewe lina nini ndani."

Hiyo "ndani" imenichosha. Spektromita si eksirei. Tunalimulika jiwe, mwanga mwengine unamezwa, mwengine unarudi, na chombo kinasoma ule uliorudi, kuanzia nanomita 350 hadi 2500 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Mwanga huo hauzami: maikromita kadhaa, ukizidi sana milimita moja au mbili. Ninachokisoma ni ngozi ya jiwe. Ngozi ikiwa kutu, kinongo (udongo mwekundu) au ukoga wa baharini, jibu litakuwa la kutu, kinongo au ukoga.

Sasa mafuta. Nazi ina alama zake, yaani mahali inapomeza mwanga, moja karibu na nanomita 1730, nyengine karibu na 2310. Hiyo ya pili inakanyagana na alama ya chokaa, ambayo iko kwenye 2340 hivi. Na mawe ya kwetu mengi ni matumbawe, yaani chokaa! Nabaki nasoma nazi juu ya chokaa, halafu naambiwa mashine mbovu. Jiwe bichi nalo vile vile. Maji yanachimba mashimo kwenye 1400 na 1900 mpaka alama za jirani zinapotea. Livunje kwa nyundo, lianike siku mbili juani, uniletee vipande vyenye uso mpya na wa zamani. Wa zamani nautaka pia, unanionesha jiwe limeoza vipi.

Wengine wanadhani chombo kinataja kila kilichomo. Hakitaji. Udongo wa mfinyanzi nauona kwenye 2200, wekundu wa kinongo karibu na 870. Kwatzi, madini ya mchanga mweupe, haina alama yoyote katika masafa hayo, na dhahabu haina alama ya kuitambulisha. Aliyekwambia kapimiwa dhahabu kwa taa, kamuulize vizuri.

Madini adimu ndiyo yanayowavuruga watu siku hizi. Kwanza si haba kama jina lilivyo: seri, mojawapo ya madini hayo, imo katika miamba ya dunia karibu sawa na shaba, ila ni shida kuikuta imekusanyika pahala pamoja. Pili, si yote yanayoonekana. Neodimi, nayo mojawapo, ina vijimistari vyembamba karibu na 580, 740 na 800. Nikiviona najua ndugu zake hawako mbali. Lanthani, ndugu yake, haina hata kimoja, kwa hiyo huikisia kwa jirani zake, kisha sampuli inakwenda maabara ya kemia kupimwa kiasi.

Halafu kuna wajuzi wa barazani: Ngualla kule Songwe kuna madini adimu ndani ya mwamba wa kabonati (jamii ya chokaa), sisi tumejaa kabonati, basi tunayo. Hapana bwana. Ule wa Ngualla umetokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, wetu umejengwa na viumbe wa baharini. Kwenye 2340 yote miwili inafanana kama pacha. Ndiyo maana natafuta vile vijimistari vya neodimi kabla sijafungua mdomo.

Jiwe la mzee tulilivunja pale pale uani. Jeupe. Alama ya 2340, unyevu kidogo, neodimi hakuna. Kalitazama, kaniuliza kama linafaa kuchomea chokaa. Linafaa.