Si kweli kwamba mtu mzima hawezi kujifunza kuchora watu

Katika makundi ya gumzo huzungushwa ujumbe unaodai kwamba asiyeanza kuchora tangu utotoni hawezi kamwe kuwa mchoraji wa watu kwa rangi za mafuta, na kwamba anayeacha ajira akiwa na miaka 40 ili aishi kwa brashi anajidanganya. Dai hilo halina msingi.

Kinachomkwamisha anayeanza, mara nyingi, ni jicho wala si mkono. Wengi huyaweka macho ya wanayemchora juu mno, kwa sababu hukazia macho, pua na mdomo na kulisahau paji la uso na fuvu, ilhali kwa mtu mzima macho yapo takriban katikati ya utosi na kidevu. Chukua rula upime picha yoyote iliyopigwa kutoka mbele, nawe utajionea. Vivyo hivyo, urefu wa mtu mzima aliyesimama hukaribia mara 7 hadi 7.5 ya urefu wa kichwa chake. Kupima hufundishika katika umri wowote, na rangi yenyewe ni mvumilivu: mafuta ya kitani yanayochanganywa ndani yake hukauka polepole kwa kufyonza oksijeni ya hewani, hivyo kosa la asubuhi huweza kukwanguliwa jioni.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa huonyeshwa picha iliyokamilika, wasione michoro mingi iliyotupwa kabla yake. Kipato ni suala jingine, tena zito, lakini hilo ni la akiba na wateja, si la kipaji. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.