Kilo za mizani na matone ya dripu: dhana potofu na ukweli

Katika wodi nyingi za Uganda kasi ya dripu haipangwi na mashine, bali na muuguzi anayehesabu matone huku akitazama saa, na kosa la hesabu huingia moja kwa moja mshipani.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mgonjwa mwenye unene uliokithiri ahesabiwe maji kwa kilo zote anazoonyesha mizani. Ni kweli kwamba mtu mzima asiyeweza kunywa hukadiriwa mililita 25 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku. Lakini mafuta ya mwilini hubeba maji machache mno yakilinganishwa na misuli, ambayo karibu robo tatu yake ni maji, na kwa sababu hiyo mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaelekeza kutumia uzito stahiki wa urefu wa mgonjwa, na kukumbuka kwamba ni nadra mtu kuhitaji zaidi ya lita 3 kwa siku.

Tumchukue mama wa kilo 120 mwenye urefu wa sentimita 160. Kwa kilo za mizani, mililita 30 kwa kilo zinampa 3,600 kwa siku, na kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita hayo ni matone 50 kwa dakika. Uzito stahiki wa mwanamke huanzia kilo 45.5 kwa urefu wa futi 5, ukiongezwa kilo 2.3 kwa kila inchi inayozidi hapo. Kwake ni takriban kilo 52, yaani mililita 1,560 na matone 22. Tofauti ni lita mbili kwa siku, mzigo ambao moyo au figo dhaifu haziubebi. Hapa mizani ina kazi ndogo kuliko tepu ya fundi cherehani.

Wapo wanaodhani seti zote ni sawa. Pakiti huandikwa matone 10, 15, 20 au 60 kwa mililita, na matone 22 ya seti ya 60 yangempa mama huyo theluthi moja tu ya maji yake.

Wengine husema kuzidisha ni salama kuliko kupunguza. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na uliohusisha hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda pamoja na za Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi. Hao walikuwa watoto, si watu wazima wanene, lakini dhana yenyewe haikusalimika. Mtu mzima aliyepatwa na mshtuko, yaani mzunguko wa damu kushindwa, hupewa fungu la mililita 500 kwa chini ya dakika 15, kisha hupimwa upya kabla ya kuongezewa. Hilo ni jambo tofauti na dripu ya siku nzima.

Kuhusu ombi la ndugu kwa musawo (mhudumu wa afya) kwamba aweke dripu ya kutia nguvu: chupa ya mililita 500 ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, ambazo hazizidi soda ndogo.

Mwisho, kuna imani kwamba kasi ikishapangwa imepangwa. Mgonjwa akikunja mkono au chupa ikishushwa, matone hubadilika. Zaidi ya hayo, katika mkono mnene maji yaliyovuja nje ya mshipa hufichwa na mafuta, kwa hiyo kila matone yanapohesabiwa upya, mkono nao hupapaswa na kulinganishwa na mwenzake.