Kusimama eneo la kuotea si kosa la kuotea

Marudio ya televisheni yakisimamishwa, mshambuliaji akaonekana kawapita mabeki wote, watu wanakata hukumu palepale: ameotea, refa kaiba. Lakini picha ile imeonyesha tu alipokuwa amesimama. Mchezaji anaweza kukaa eneo la kuotea dakika zote tisini asitende kosa hata moja.

Eneo lenyewe halina utata. Uko eneo la kuotea ikiwa, mwenzako anapogusa mpira, kichwa, kiwiliwili au mguu wako uko nusu ya uwanja ya wapinzani, tena karibu zaidi na mstari wa goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi. Ukiwa sambamba naye, uko salama; ndivyo sheria inavyosema tangu 1990.

Kosa ni jambo lingine, na hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibika. Sheria ya 11 ya soka inasema waziwazi kwamba kuwa eneo hilo peke yake si kosa. Lazima mchezaji aingie mchezoni: aucheze mpira, amzibe kipa asione, agombee mpira na mpinzani, afanye kitendo cha wazi kinachomzuia mpinzani kuucheza, au anufaike na mpira uliogonga mwamba au kuokolewa na kipa. Eneo hupimwa pasi inapopigwa. Kushiriki hupimwa kwa yanayofuata. Ndiyo maana mshika kibendera mzuri hangoji kuzomewa wala hakimbilii kuinua mkono. Anasubiri aone nani ataufuata mpira, na watu wanamtukana kwa kufanya kazi yake sawasawa.

Chukua goli la Bruno Fernandes wa Manchester United dhidi ya Manchester City, Old Trafford, Januari 14, 2023. Casemiro alipiga pasi, Marcus Rashford akiwa eneo la kuotea bila shaka yoyote. Akaukimbilia mpira, akaenda nao sambamba bila kuugusa, kisha Fernandes akatokea na kufunga. Kibendera kilikuwa kimeinuliwa, lakini mwamuzi Stuart Attwell alishauriana na msaidizi wake, akalikubali goli. Ikawa 1-1, na United wakashinda 2-1.

Waliopinga walirudia neno moja: Rashford ameotea. Waliotetea nao wakajibu kwamba hakugusa mpira. Pande zote mbili zilipita kando ya swali. Kugusa ni njia mojawapo tu ya kutenda kosa. Swali lilikuwa kama mbio zile ziliathiri uwezo wa beki wa City Manuel Akanji na kipa wao Ederson kuucheza mpira. Mimi naona ziliathiri: beki anayemfuata mtu mwenye mpira miguuni pake hukimbia tofauti na beki anayeukimbilia mpira usio na mwenyewe, na kipa hujipanga kwa ajili ya yule anayemwona tayari kupiga. Kwangu goli lile halikustahili kubaki. Lakini anayeona kwamba mabeki walikuwa mbali mno na mpira ana hoja ya kusikilizwa, kwa kuwa anajibu swali lenyewe.

Basi ndugu yangu, safari ijayo ukishasema "alikuwa eneo la kuotea", usiishie hapo. Tuambie pia alifanya nini, na alimzuia nani.