Bandari ya Tanga: nani anakutoza nini, na kwa nini ufukwe wa babu si bandari

Tangu kampeni dhidi ya bandari bubu, yaani fukwe zinazoshushiwa mizigo bila idhini, ianze kupita vijijini kuanzia Mkinga hadi Pangani, sisi wa Bandari ya Tanga tumekuwa tukipokea malalamiko mawili yanayojirudia. La kwanza ni kwamba bandari inatoza kodi kubwa. La pili ni kwamba wazee walishusha mizigo kwenye fukwe hizi kabla bandari haijajengwa, hivyo hakuna wa kuwazuia wajukuu. Wanaosema hivyo ni wafanyabiashara na manahodha tunaofanya nao kazi, na naamini wanasema kwa nia njema. Lakini kabla ya kuwajibu ni lazima tueleze mamlaka ya bandari imetoka wapi, maana majibu yote mawili yamo humo.

Tanga ilikuwa mji wa majahazi muda mrefu kabla ya Wajerumani. Walichofanya wao ni kuiunganisha na bara. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa mwaka 1893, ukafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na hatimaye Moshi. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoingiza miche ya katani kutoka Florida. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, na ndiyo iliyozaa mashamba ya katani ya Pangani, Muheza na Korogwe. Anayetaka kujua bandari hii ilijengwa kwa ajili gani, aangalie robota za katani zilizopita gatini miaka yote ile.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia bandari ikawa chini ya Waingereza, ikiendeshwa pamoja na reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatenganishwa na reli, likaundwa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, makao makuu Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Mamlaka yake ya Bandari kwa Sheria Namba 12 ya mwaka huo. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Bandari Namba 17 ya 2004, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, yaani TPA, ikaanza kazi Aprili 2005, ikisimamia bandari za bahari na za maziwa pia.

Katika historia hiyo yote, tangu Jumuiya hadi leo, forodha, yaani utozaji wa ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini, ilikuwa nyumba nyingine. Wakati wa Jumuiya kulikuwa na idara yake ya ushuru wa forodha. Leo kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), iliyoanza mwaka 1996. Udhibiti wa usafiri wa majini na wa mawakala wa meli nao si wetu. Ulikuwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini (SUMATRA), na tangu 2018 uko kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Tumeshaeleza jambo hili redioni, kwenye mikutano ya vijiji na kwenye dirisha la malipo, na bado mtu anakuja na risiti ya ushuru wa forodha akitaka sisi tumrudishie fedha. Hatuwezi kurudisha fedha ambayo hatukuipokea.

Chukua mtu aliyeleta kontena moja ya vipuri. Wakala wa meli anamdai nauli na gharama zake, na akishalipwa anatoa hati ya kuruhusu mzigo utolewe. Wakala wa forodha aliyemwajiri mwenyewe anaingiza tamko kwenye mfumo, TRA inathamini, na ushuru unalipwa kwa namba ya malipo inayotoka huko. Bandari inadai tozo ya kupitisha shehena gatini, kazi ya kuipakua na kuihamisha, na tozo ya kuhifadhi ikiwa mzigo umepitisha siku zisizolipiwa. Hizo ni ankara tofauti, namba za malipo tofauti, ofisi tofauti. Tozo ya kuhifadhi ndiyo inayoleta machozi, na mara nyingi chanzo chake ni nyaraka zilizochelewa. Mzigo ukishapakuliwa, siku zinahesabika hata kama hati ya shehena bado iko kwenye begi la mtu Dubai. Mzigo uliowekwa ghala la forodha usipoondolewa kwa muda wa kisheria, hutolewa tangazo gazetini, na siku 30 baada ya tangazo huhesabiwa umetelekezwa na unaweza kupigwa mnada. Mnada huo nao unaendeshwa na forodha.

Gharama za Tanga zilikuwa na sababu nyingine ambayo wengi wameisahau haraka. Kwa miongo mingi meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga umbali wa mita 1,700 hivi, na shehena ikashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo. Kreni ya meli inainua kontena, tishari linapanda na kushuka na wimbi, vijana wanasubiri kamba itulie ndipo wafungue kulabu. Kisha tagi, yaani boti ya kuvutia vyombo, inalivuta tishari hadi gatini, na kontena lilelile linainuliwa mara ya pili. Bahari ikichafuka, kazi inasimama na meli inaendelea kuhesabu siku. Mradi ulioanza 2019, wa shilingi bilioni 429.1 kwa awamu mbili, umechimba kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati la mita 450. Sasa meli inafunga kamba gatini na kontena linainuliwa mara moja.

Nirudi kwenye fukwe. Hakuna anayebisha kwamba wazee walishusha mizigo hapo. Lakini ukale wa ufukwe hauufanyi kuwa bandari. Mahali pa kushushia mizigo huteuliwa kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, na hata jahazi linalotoka Unguja au Pemba linatakiwa kuwa na hati za safari na orodha ya shehena. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, anayeingiza bidhaa kwa magendo akitiwa hatiani anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya nusu ya thamani ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Bidhaa hutaifishwa. Na chombo chenye usajili wa chini ya tani 250 kilichotumika kuzibeba kinaweza kutaifishwa pia. Manahodha wasikie hapo, kwa sababu majahazi yetu yote ya mwambao yako chini ya tani hizo. Mwenye mizigo akitoroka, jahazi ndilo linalobaki mikononi mwa serikali.

Tena ufukweni hakuna anayeandika majina ya abiria. Chombo kikizama usiku, hakuna ajuaye watafutwe watu wangapi.

Kijiji kinachoona ufukwe wake unastahili kurasimishwa kipitishe ombi katika mkutano wa kijiji, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndipo lije kwetu na kwa TRA likiwa na muhtasari wa mkutano. Na mwenye lalamiko la tozo alete ankara yenyewe, yenye namba ya malipo. Bila hiyo hatuwezi hata kujua alilipa ofisi gani.