Je, wajua kwa nini rimu za mbele huwa nyeusi kuliko za nyuma?

Osha gari leo, litumie mjini siku chache, kisha chuchumaa uziangalie rimu. Za nyuma zina vumbi la kawaida tu. Za mbele zimeshika weusi kama masizi, hasa kwenye pembe za ndani na kuzunguka nati, na ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Tairi zote nne zimepita barabara ileile na tope lilelile, kwa hiyo weusi huo haukutoka barabarani.

Umetoka kwenye breki, na sehemu yake kubwa ni chuma. Ukitaka kuhakikisha, chukua sumaku, izungushie karatasi nyepesi, uipitishe juu ya weusi huo ukiwa mkavu. Itazame kwa karibu: vijinywele vyeusi vitakuwa vimesimama juu ya karatasi, vikielekea huku na huku kadiri unavyoigeuza sumaku. Vumbi la udongo kwa kawaida halifanyi hivyo.

Breki ya diski hufanya kazi kwa msuguano. Ukikanyaga pedali, pedi mbili zinaibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na nguvu ya mwendo inageuka joto. Diski nyingi ni za chuma cha kusubu. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi au unga wa chuma, grafiti, madini ya kujazia na resini inayovishikamanisha vyote. Kila unaposhika breki, diski na pedi vinalika pamoja, kama kisu na tupa. Vimeundwa vilike. Unga wake hurushwa nje, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni rimu.

Kwa nini basi mbele zaidi? Gari likipunguza mwendo, pua inainama na nyuma inainuka. Uzito umehamia mbele: tairi za mbele zinakandamizwa chini, za nyuma zinabaki nyepesi. Tairi nyepesi ikibanwa kwa nguvu inaserereka, na gari lililoserereka nyuma hugeuka upande. Kwa sababu hiyo watengenezaji huzipa breki za mbele kazi kubwa, kwa kawaida kati ya asilimia 60 na 80 ya nguvu yote ya kusimamisha gari dogo. Diski za mbele ni kubwa na nene zaidi, na hulika zaidi. Isitoshe, magari mengi nyuma yana dramu (breki iliyofunikwa mfano wa ngoma) badala ya diski, na dramu huufungia unga wake ndani.

Linalosumbua waoshaji wengi ni kwamba weusi huu hautoki kwa sabuni. Unga wa breki hutoka ukiwa wa moto. Kwenye mteremko mrefu, diski inaweza kupita nyuzi 400 za selsiasi. Chembe hizo hutua juu ya rimu ya alumini, ambayo imepakwa praima, kisha rangi, kisha vanishi angavu isiyofikia unene wa unywele mmoja. Nyingine hujikita kwenye vanishi, na resini ya pedi, iliyolainika kwa joto, huzigandisha hapo kama gundi. Zikipata unyevunyevu zinashika kutu. Chuma kikishika kutu huvimba, na hapo ndipo uharibifu wenyewe huanza: vidoadoa vya rangi ya chungwa vinatokea, vanishi inapasuka pembeni mwake, maji yanapenya, na alumini iliyo chini inaanza kuota unga mweupe. Sabuni huondoa mafuta na tope. Chuma kilichojikita haikigusi, na ukiamua kukisugua kwa steelwire unachokwangua ni vanishi.

Dawa inayofaa ni ile ambayo wengi wamewahi kuiona ikifanya kama mazingaombwe: inapulizwa ikiwa haina rangi, na baada ya dakika moja au mbili rimu nzima inachuruzika zambarau, kama imemwagiwa wino. Kinachofanya hivyo ni thioglikoleti. Kemikali hii hukamata chuma kilichoshika kutu na kuunda nacho kiambatano kipya kinachoyeyuka kwenye maji, na kiambatano hicho ndicho chenye rangi ya zambarau. Kwa hiyo unaona kwa macho mahali chuma kilipo na kingi kiasi gani. Jamii hiyohiyo ya kemikali hutumika kwenye krimu za kuondolea nywele na kwenye dawa za kalikiti, na harufu yake inayofanana na mayai viza inatokana na salfa iliyomo. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa.

Nakazia jambo moja hapa: rimu iwe imepoa kabisa. Kwenye rimu ya moto dawa hukauka kabla haijamaliza kazi na kuacha madoa yanayoudhi kuliko weusi wenyewe. Shughulikia gurudumu moja moja, kivulini, anza kwa kusuuza kwa maji mengi, puliza, subiri dakika chache, pitisha brashi laini, suuza tena. Ndoo, brashi na sponji za rimu zisiguse bodi. Zimebeba vipande vya chuma, na ukizihamishia kwenye rangi utaichora mikwaruzo midogo itakayong'aa kila jua likiwaka. Na anza na rimu kabla ya bodi, ili maji machafu yasirukie palipokwisha safishwa.

Kuna dawa nyingine zinazofanya rimu ing'ae kwa sekunde chache tu, na hizo naziogopa kwa dhati. Baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki au chumvi za jamii yake. Asidi hiyo hupenya ngozi na kukamata kalsiamu mwilini. Mtu anaweza asihisi maumivu mwanzoni huku ikiendelea kushuka hadi mfupani. Kwa upande wa gari, alumini ni metali inayoliwa na asidi na pia na alkali kali, hivyo rimu iliyosuguliwa bila rangi wala vanishi inaweza kupoteza mng'ao kwa dakika chache. Kabla ya kukubali gari lako lipakwe kitu, soma lebo. Chombo kisicho na lebo kisiguse gari wala mkono wa anayeliosha.

Ukichoshwa na weusi, badilisha aina ya pedi. Pedi zenye chuma kingi hushika vizuri lakini huchafua sana. Zile ziitwazo za seramiki hutoa unga mchache na mwepesi wa rangi. Hata sheria zimeanza kuutazama unga huu, kwa kuwa tunauvuta pia. Kanuni ya Euro 7 kuhusu uchafuzi wa magari, iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2024, imeuwekea kikomo: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari madogo ya injini, na 3 kwa yale ya umeme tupu, ambayo hupunguza mwendo kwa mota na hivyo hushika breki kwa nadra.

Mwisho, linganisha kushoto na kulia kabla hujaosha. Rimu mbili za mbele zinapaswa kuwa nyeusi sawasawa. Moja ikizidi mwenzake kwa mbali, huenda kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi, imekwama na pedi inasugua diski hata usiposhika breki. Baada ya safari fupi gurudumu hilo litakuwa la moto kuliko jingine. Weusi ukiwa na mafuta yanayonata, shuku buti ya ekseli (mpira unaofunika kiungo chake na kuzuia grisi) iliyopasuka au mafuta ya breki yanayovuja. Hapo gari liende kwa fundi kwanza, kuosha kufuate.