Photokina peke yangu, uso wangu ukawa kipimo

Jumamosi iliyopita, kwenye sendofu moja Sinza, tulikuwa tumekaa tunasubiri upande wa bwana harusi ufike. Dogo anayenishikia taa ninapopiga picha za harusi akaniuliza, "Kaka, kweli Ujerumani ulikwenda peke yako? Hukuboreka?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu MC alikuwa ameanza kuita watu. Hapa namjibu kwa kirefu.

Photokina yalikuwa maonyesho ya vifaa vya picha jijini Köln. Yalianza mwaka 1950, na kwa miaka mingi yalifanyika kila baada ya miaka miwili. Fikiria Sabasaba, ila kila banda ni kamera, lenzi, taa na karatasi za kuchapia, na hakuna mishikaki. Mimi nilihudhuria ya Septemba 2018, tarehe 26 hadi 29. Wakati ule hatukujua kwamba ndiyo ya mwisho. Mwaka 2019 hayakufanyika, mwaka 2020 korona ikaingia, na kabla mwaka haujaisha waandaaji wakayasitisha. Siku hizi vijana wananiuliza zaidi habari za maonyesho mengine ya picha, CP+ ya Yokohama, Japani, au WPPI ya Las Vegas, Marekani, lakini ninayoyasema hapa yanafaa kote huko.

Kwenda peke yangu hakukuwa ushujaa. Tulipanga watu watatu, wenzangu wawili wakakwama kwenye viza. Mwenye safari kama hii aanze mapema: taarifa za benki, barua, na bima ya safari ya angalau euro 30,000, maana bila bima hiyo nchi za Schengen hazikupi viza. Betri za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, usiziweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Na plagi zetu za meno matatu bapa haziingii kwenye soketi za Ujerumani. Hilo nililigundua usiku, hotelini, betri zote zikiwa zimekwisha.

Siku ya kwanza nilifanya kosa la mtu anayetoka kwenye harusi: bodi mbili za kamera, lenzi tatu, flashi. Ukiwa na mwenzako unamwambia "nishikie mara moja" unakwenda zako. Ukiwa peke yako unaingia chooni na duka zima mgongoni. Ukila, mkanda wa begi umeuzungusha mguuni. Ilipofika saa tisa alasiri mabega yalikuwa hayanitaki tena. Siku ya pili nilibeba bodi moja, lenzi ya milimita 35, na bahasha ya picha kumi na mbili nilizochapisha Kariakoo kabla sijaondoka.

Bahasha ile ilinifungulia milango kuliko kamera. Mkono mtupu haulambwi. Wahudumu wa mabanda wanaulizwa habari za megapikseli tangu asubuhi, wamechoka. Ukimwekea mtu picha mezani ukamwambia, "Bibi harusi huyu gauni limetoka vizuri, uso umezama, nifanyeje?" anavuta kiti.

Mmoja alivuta kweli. Kwenye jukwaa lao alisimama mwanamitindo wa Kizungu mwenye gauni jeupe, na watu wote walikuwa wanampiga yeye. Kamera yoyote ingemtoa vizuri. Kwangu jaribio lile halikuwa na maana, kwa sababu sipigi harusi za namna hiyo. Nikamwomba yule mhudumu ashike kamera ya banda lao, nikapanda nikasimama kando ya dada yule, nikasema, "Tupige wote wawili." Watu wakacheka. Ningekuwa na wenzangu, nadhani ningeona haya.

Picha ya kwanza: yeye safi, mimi nimebaki shati. Kipima mwanga cha kamera hakijui gauni wala ngozi. Kinachukulia kwamba kila kilichoko mbele yake kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayelipa. Tukajaribu kinyume chake, uso wangu peke yake ukijaza fremu. Sasa kamera ikaongeza mwanga kupita kiasi, nikatoka na rangi ambayo mama yangu asingeitambua. Ndiyo maana namkataza dogo kuiachia kamera iamue yenyewe: gauni likitawala, ongeza mwanga kidogo, uso mweusi ukijaza fremu, punguza. Halafu angalia gauni, lisiwe limeungua kwa mwanga likapoteza mikunjo.

Nilitaka kuondoka na picha zile. Nikatoa memori kadi yangu, mhudumu akatikisa kichwa. Kamera ilikuwa ya majaribio, haijaanza kuuzwa, na faili zake hazitoki. Nikaandika kwenye daftari.

Kelele kubwa mwaka ule zilikuwa za kamera mpya, Nikon Z7 na Canon EOS R. Nilizishika zote, ni nyepesi, zinapendeza mkononi. Lakini zote mbili zina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa usiku wa harusi utamwambia nini mama wa bibi harusi? Hapo mimi na pesa yangu tukaendelea na safari.

Kwenye mihadhara, mtu mmoja hakosi kiti. Makundi ya watu wanne yalisimama ukutani, mimi nikakaa mstari wa pili.

Upweke ulikuja jioni, sikatai. Soseji kila kona na mimi sili nguruwe, kwa hiyo nililelewa na Waturuki wa Köln na mikate yao ya nyama. Nikishiba natembea kwenye daraja la Hohenzollern, lenye makufuli ya wapendanao yasiyo na idadi, napiga kanisa kuu la Dom huku treni zinapita ubavuni. Saa mbili nzima hakuna aliyeniambia "twende bwana, tunachelewa."

"Sasa kaka, hukununua chochote?" dogo aliuliza, akikunja stendi ya taa.

Nilinunua. Adapta ya plagi, na soli za ndani za viatu.