"Adimu" si "hatarini kutoweka"

Juzi nimesoma mahali: "mjusi hatari wa Kimboza". Hatari kwa nani? Mjusi mwenyewe, mkia na yote, hafiki sentimita 10, na chakula chake ni wadudu! Mwandishi alikusudia "aliye hatarini", akaidondosha ile -ni. Hilo nalisamehe. Linalonikera ni "adimu", ambalo siku hizi hubandikwa kila mnyama anayetafutiwa huruma.

Kwa ufupi, adimu ni kitu kisichopatikana kwa urahisi. Kilicho hatarini kutoweka ni kile kinachoelekea kwisha kabisa, hata kama leo kinaonekana tele.

Adimu tumelipata kwa Waarabu: ʿadim, la ukoo mmoja na ʿadam, yaani kutokuwepo (Nabii Adamu hahusiki). Ila Kiswahili kimelilainisha. Sukari huadimika madukani, na hakuna anayedhani miwa inakwisha duniani. Mwezi ujao itarudi. Mjusi akishatoweka, harudi.

Sasa twende Kimboza yenyewe, Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Msitu una kilomita za mraba 4 hivi, umeota juu ya mawe ya chokaa, na humo kuna aina ya mkadi ambayo mjusi huyu, Lygodactylus williamsi, ameifanya nyumba. Dume ni buluu ya kung'aa, jike ana ukijani. Ukiupata mkadi, kumwona si kazi. Kati ya 2004 na 2009 kikundi kimoja tu cha wakusanyaji kilichukua zaidi ya mijusi 32,000 wa kuuzwa ng'ambo wafugwe. Kitu adimu hakichotwi hivyo! Balaa ni kwamba, ukiacha vipande vichache vya msitu jirani, hana pengine pa kwenda. Wakusanyaji waliikata mikadi ili wamfikie, kwa hiyo walichukua mjusi na nyumba yake. Halafu kuna moto, na mti wa kigeni, Cedrela odorata, unaoisonga miti ya asili. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe pori walio hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hawa wanaokamatwa porini.

Tena kwa mnunuzi wa wanyama, "adimu" ni tangazo: humtia hamu na kupandisha bei.

Basi ndugu mwandishi, sukari iachie "adimu" yake. Huyu mwite mjusi aliye hatarini kutoweka. Nafasi ikibana, punguza kingine, -ni uibakize.